Mbege ya Konokono

Jana mchana, nikiwa nimeshiba kiburu, ndizi zetu za kupondwa na maharage, mpaka nikalegeza mkanda matundu mawili, nilisinzia kwenye kiti cha kibarazani, nikaota konokono ameniletea wito wa baraza.

Kabla sijaendelea, nieleze hali ilivyokuwa, msije mkadhani mimi ni mtu wa kuota ovyo. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Miaka thelathini na moja nimewapimia watu mipaka ya vihamba vyao, mashamba ya ukoo, huku mlimani Kilimanjaro, na usingizini sikuwahi kuona kitu zaidi ya kamba na vigingi. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mboga: kabeji, figiri na saladi kidogo. Mvua za mwaka huu zimetuletea konokono, pamoja na makoa, wale ndugu zao wasio na gamba, mpaka kabeji zangu zikawa na matundu kama chujio la chai.

Afisa ugani wetu, Bi. Restituta, alikuja akatufundisha namna ya kuwapunguza bila kujidhuru. Okoteni kwa mkono, alisema. Mwagilieni asubuhi, si jioni. Zungushieni majivu makavu na maganda ya mayai yaliyosagwa, lazeni ubao chini wajikusanye, fukieni bakuli la pombe. Nikafanya yote. Pombe niliyokuwa nayo ni mbege iliyobaki Jumapili, nikaifukia hiyohiyo. Ila kwenye kuokota nilikuwa na utaratibu wangu. Nilikuwa nawaokota, halafu nawarusha juu ya ua wa mimea ya masale waangukie kwa shemeji yangu Aikaeli. Kanuni yangu ni moja tangu nikiwa kazini: kilichovuka mpaka si changu.

Aikaeli ni mjane wa marehemu kaka yangu. Tunaishi ua kwa ua. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo sauti ya kwanza ninayoisikia kila siku ni ya Aikaeli kutoka ng'ambo ya masale: "Shemeji, umeamkaje?" Wiki tatu zilizopita aliniuliza jambo jingine.

"Shemeji, hawa konokono wananinyeshea kutoka wapi? Saladi yangu yote imekwisha."

"Mimi nitajuaje? Wana miguu yao, wanatembea."

"Konokono hana miguu, shemeji," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku ile hakunisalimia tena. Na mimi sikumsalimia, maana shingo yangu ni ngumu, watu wote wanajua. Lakini nilimkosa, jamani. Nilikuwa naamka, nakaa kitandani kidogo nikisikiliza, hakuna kitu, nanyanyuka.

Juzi hasira zikanishika nikaenda duka la pembejeo, nikanunua mfuko wa vidonge vya bluu vya kuulia konokono. Bi. Restituta alikuwa amevikataza. Hata mfuko wenyewe umeandikwa wazi: weka mbali na watoto, mbwa, kuku na bata. Aikaeli ana bata wanane, na kila jioni wanapenya kwenye masale kuja kuzurura kwangu. Nikasema bata akivuka mpaka, shauri lake. Nikapanga kuvimwaga jana saa kumi kamili. Saa tisa nikasinzia.

Sasa, konokono aliyeleta wito alikuwa na mkoba wa tarishi begani, ingawa bega hana. Anapanda goti langu taratibu. Ninamsubiri. Sijawahi kuwa na subira namna ile katika maisha yangu.

"Mzee Eliamani?"

"Ndiye."

"Unaitwa barazani, sasa hivi."

"Wito umetolewa lini?"

"Mwezi wa nne," anasema. "Sikupumzika njiani."

Nikainuka nikamfuata. Kutoka kibarazani hadi bustanini ni hatua sita, nilizipima mwenyewe. Kwenye ndoto zilikuwa hatua sita vilevile, ila tulizitembea muda mrefu sana, na tulipofika kabeji zilikuwa na ghorofa.

Pale nilipozungushia majivu pana kituo cha mpakani. Mlinzi ni Jivu. Amevaa sare ya kijivu iliyopigwa pasi, na amekaa kwa uangalifu ili asipeperuke.

"Simama hapo," ananiambia. "Una unyevu?"

"Unyevu gani?"

"Wowote. Chenye unyevu hakipiti. Ndiyo kazi niliyoajiriwa." Ananigusa kisigino kwa kidole. "Umekauka vizuri. Pita."

"Na hawa konokono wamepitaje?" nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayelipa mishahara.

"Mzee, ulinimwagia maji jana jioni. Nikalowa, nikawa tope, nikalala kazini. Walipita arobaini na wawili, wanaimba. Kwani hukuambiwa umwagilie asubuhi?"

"Niliambiwa."

"Basi tusilaumiane."

Nyuma yake anapita Asubuhi mwenyewe, kijana mrefu, safi, kopo la kumwagilia mkononi, hana kazi. Ananitazama kama mtu aliyenyimwa cheo.

"Kila siku nakuja na kopo langu," ananiambia, "nakuta Jioni ameshamaliza kila kitu. Na makoa wanamshangilia."

Nikamwomba radhi. Akasema si neno, mradi kesho nimkumbuke.

Mbele kidogo nakuta maganda ya mayai yamejipanga mistari mitatu, yamenyoosha ncha juu. Nikayapa heshima kama gwaride. Ganda moja kubwa likakohoa.

"Afande, tuliambiwa tutasagwa tuwe vipande vidogo, vikali. Wewe ulinivunja mara moja ukaenda kunywa chai. Mimi sasa siyo kizuizi, mimi ni daraja."

Kweli, makoa watatu walikuwa wanavuka juu yake, na mmoja ameegemea kingo anatazama mandhari.

Nataka kujibu, lakini siko bustanini tena. Niko mapokezi ya nyumba ya kulala wageni. Dari ni ya chini, nimeinama mpaka kidevu kinagusa kaunta, na kuna giza zuri la baridi. Nikaitambua ile dari kwa msumari uliopinda: ni ubao wangu mwenyewe, nilioulaza katikati ya kabeji. Nyuma ya kaunta yupo koa mnene, anang'aa, ana daftari la wageni.

"Karibu. Unataka chumba chenye unyevu au chenye unyevu sana?"

"Mimi napita tu. Mna wageni wengi?"

"Tunajaa kila siku. Giza letu lina sifa. Shida ni moja: kila kukicha paa linainuliwa, wateja wangu wote wanaokotwa."

"Wakiokotwa wanapelekwa wapi?"

Akafungua daftari. "Kwa Aikaeli. Kwa ndege."

"Kwa ndege?"

"Wanapita juu ya masale. Wanasema safari yenyewe nzuri, upepo mwanana, ila kutua ndiyo balaa. Halafu jua likizama tu wanaanza kurudi kwa miguu."

"Konokono hana miguu," nikamwambia. Nilimsahihisha tu, ndiyo tabia yangu.

Milango ikafunguka, pembe ndogondogo zikachungulia. Yule koa akachukua kalamu, akaandika maneno yangu polepole, akaweka tarehe.

"Asante," akasema. "Tulikuwa tunasubiri uyaseme kwa kinywa chako. Baraza ni mlango wa pili kushoto."

Mlango wa pili kushoto unafunguka kwenye bakuli langu la mbege. Bakuli limekuwa pana, nyota za povu zinaelea juu, na wazee wa konokono wameketi kulizunguka kwa umri, mkubwa kabisa upande wa mlimani. Kata inapita mkono kwa mkono, ingawa mikono hawana. Mkubwa anaonja kwanza, anatikisa kichwa, anampa anayemfuata. Wengine wamekunywa mpaka wameingia ndani moja kwa moja, wanaelea. Hakuna aliyewajali, na wenyewe walionekana wameridhika.

Mwenyekiti ni konokono mkongwe, gamba lake limeshikizwa kwa gundi. Anafuta mdomo.

"Aliyeleta pombe asimame."

Nikasimama. Na hapo ndipo nilipoona nimejiponza. Huku kwetu, mtu akiwapelekea wazee mbege na hakuna harusi wala ubarikio wa mtoto kanisani, hahitaji kueleza kitu. Wazee wanakunywa kimya, kisha wanamwambia sema, maana mbege ya namna hiyo inaletwa na mwenye kosa. Mpima ardhi mzima, mtoto wa hapahapa, nimewatengea wazee mbege halafu nimesimama mbele yao mikono nyuma. Nilijaribu kujinasua.

"Wazee wangu, ile haikuwa mbege ya maongezi. Ule ulikuwa mtego."

"Tunajua ni mtego," akasema mwenyekiti. "Bi. Restituta alifundisha kwa sauti kubwa, tulikuwa chini ya benchi lake. Lakini mbege ni mbege, na imeshanywewa. Sema kosa."

Wote wakanigeuzia pembe. Sikuwa na pa kukimbilia, nikasema. Nikawaambia nimewarusha ng'ambo mia mbili na kumi na wanne, idadi ninayo kwa sababu napenda kupima vitu. Nikawaomba radhi kwa kila mmoja.

Mwenyekiti akakunja pembe moja.

"Hilo siyo kosa lililokuleta. Sisi hatuna kinyongo na wewe. Tunakula kabeji zako, unatuokota. Ukitutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni tunakufa, hatuendi kushtaki popote. Kila mtu na kazi yake. Lakini wewe ulitufanya mawe ukamrushia mjane. Alipokuuliza ukamdanganya usoni. Mbege hii, Eliamani, umeileta kwa watu wasio wenyewe."

Nikanyoosha mkono kwenye bakuli. "Basi nirudishieni, niipeleke kwa mwenyewe."

Wakachungulia bakuli. "Tumeshamaliza," akasema mwenyekiti.

Mara mlango ukagongwa kwa adabu, wakaingia vidonge vya bluu, mia moja hivi, kwa mstari, mguu sawa. Kiongozi wao akavua kofia.

"Shikamoo mzee. Samahani, tumewahi kidogo. Ratiba yetu inasema saa kumi."

"Marahaba. Nani amewaita?"

"Wewe."

Nikatazama saa ya mkononi. Saa kumi kasoro dakika nne. "Na mnaanza na nani?"

"Hatuna orodha, mzee. Ni yule atakayetufikia kwanza. Konokono, bata, mbwa, mtoto anayetambaa. Wote tunawahudumia."

"Hapana, hapana. Mwisho wenu ni pale." Nikamwonyesha ua wa masale, mpaka nilioupima mwenyewe kaka yangu akishika kamba. "Kilicho upande ule hakiwahusu."

Kidonge kikatazama kwa makini. "Naona majani," kikasema.

Sijawahi kudharauliwa hivyo kikazi. Nafungua mdomo nikifundishe mpaka ni nini, na papo hapo masale yanachanuka, anaingia bata. Ni yule jike wa Aikaeli mwenye baka jeusi kifuani. Anatembea kwa madaha, anapita katikati ya baraza, anasimama mbele yangu, ananitazama kwa jicho moja.

"Shemeji, umeamkaje?" anasema, kwa sauti ya Aikaeli kabisa.

Wiki tatu, ndugu zangu. Machozi yakanitoka hapohapo mbele ya konokono na makoa, sikujificha. Nikataka kumjibu nimeamka salama, lakini si kweli, sikuwa nimeamka salama siku hata moja kati ya zile.

"Huyu amefika wa kwanza," kikasema kidonge, kikaanza kujilaza njiani kwake.

"Acha! Rudini mfukoni! Nimeghairi!"

"Mzee, sisi tukishamwagwa hatusikii maneno. Kama una jambo na mwenye bata, limalize na mwenye bata. Jambo likiisha, hatuna kazi hapa." Kikatazama saa yangu. "Kasoro dakika tatu."

Nikageuka kwa mwenyekiti nikiwa nimechanganyikiwa. Yeye akanyoosha pembe kuelekea masale.

"Wewe ni Mchagga au umehamia juzi?"

Nikaelewa. Nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo. Asiyekuwa wa huku huenda hajui: ukimkosea mtu kosa lisilo na maneno, unamfungia jani la isale unampelekea. Hulazimiki kusema kitu. Na yeye akilipokea hawezi kukataa kukusamehe, hata kama umemuulia ng'ombe. Mimi nimeona watu waliotaka kukatana mapanga wakinyamazishwa na jani moja. Na mimi huyohuyo, kwa wiki tatu, nimekaa hatua nane na nusu kutoka kwenye ua mzima wa masale, nikitazama saa.

"Nani atalipeleka?" nikauliza. Miguu yangu haikunyanyuka. Nilitazama chini nikaona nimepandwa mpaka magotini, mstari mmoja na kabeji.

"Mimi ndiye tarishi," akasema yule konokono wa wito.

"Hadi mlangoni kwake ni hatua thelathini. Utafika lini?"

Akapiga hesabu. "Nikienda mbio, mwezi wa nane."

"Tuna dakika mbili!"

Tarishi akafikiri. Baraza zima likafikiri. Bata naye akashusha shingo akanusa kile kidonge, mdomo ukiwa wazi.

"Basi nirushe," akasema tarishi.

"Nikurushe?"

"Njia unaijua. Ila leo nina mzigo, kwa hiyo nirushe kwa adabu."

Akaweka jani juu ya gamba, akalishika kwa ute. Nikamwinua kwenye kiganja. Nimewarusha konokono mia mbili na kumi na wanne bila hata kuwatazama, lakini huyu nilimpima: upepo, umbali, kimo cha masale. Nikasema, "Pole, mzee mwenzangu," nikamrusha.

Nikaamka mkono ukiwa juu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja. Mfuko wa vidonge ulikuwa dirishani, haujafunguliwa. Leo asubuhi nimeurudisha dukani. Muuzaji ameuliza una kasoro gani, nikamwambia hausomi mipaka, akautazama sana kabla ya kuupokea.

Lakini hiyo ni leo. Jana nilikaa pale kibarazani mkono ukiwa bado hewani, nikisikiliza moyo wangu, nikijiambia ni kiburu tu, nimezidisha kiburu. Ndipo nikasikia mtu anakohoa ng'ambo ya masale.

"Shemeji."

Nikaenda hadi kwenye masale. Aikaeli alikuwa amesimama kwenye uwazi, ungo wa mboga kiunoni. Mkononi ameshika jani la isale lenye fundo.

"Nimekaa mlangoni nachambua figiri," akasema, "hili likaniangukia mapajani. Limefungwa kwa kushoto. Mlima huu mzima, anayefunga fundo kwa kushoto ni wewe na marehemu kaka yako, na yeye hajanitumia."

Jani lilikuwa limelowa ute, linang'aa kwenye jua, na kingo zake zimetafunwa kidogo, kazi ya mtu aliyepata njaa safarini.

"Nimelipokea," akasema Aikaeli.

"Nilikuwa nawarusha mimi, shemeji. Wote. Halafu nikakudanganya."

"Nimeshasema nimelipokea. Unataka nilipokee mara ngapi?" Lakini sauti yake ilikuwa imelowa, na alijifuta macho kwa kanga akisingizia figiri.

Furaha ilinijaa kifuani mpaka nikaogopa kupumua. Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua.

"Na yule aliyelileta? Alitua salama?"

Hakushangaa hata kidogo. "Gamba limeingia ufa. Nimemlaza kwenye jani la kabeji apumzike, maskini, alikuwa anahema." Akapandisha ungo kiunoni, akageuka kwenda zake, kisha akaniangalia juu ya bega. "Lakini siku nyingine ukiwa na neno na mimi, shemeji, pita getini."

Nikavaa viatu, nikapita getini.